Neno "Ni Kweli": Habari za Leseni, Faini na Mabaraza Yetu

Wazee wetu na wanachama wote, katika taarifa ya kila mwaka huwa twawaelezea hesabu ya fedha, misiba tuliyosaidia na watoto tuliowalipia karo. Mwaka huu tumeagizwa na Halmashauri ya Chama tuongeze kurasa chache za historia, kwa sababu ya jambo lililowagusa wengi miongoni mwetu, yaani kunyimwa leseni za biashara na kutozwa faini kwa sheria ndogo za mabaraza. Mzee mmoja aliuliza katika mkutano, "Mambo haya yalianza lini, na waliotutangulia walifanyaje?" Swali lake lilikuwa zuri, nasi tulikosa jibu siku ile. Twajaribu kulijibu hapa.

Tuanze na habari ya karibu. Mama mmoja mjane, mwanachama wetu wa siku nyingi, alikuwa na kibanda cha chai na mandazi karibu na kituo cha magari, katika mji ambao hatutautaja. Alipokwenda kulipia leseni ya mwaka mpya, karani wa dirishani alimwambia ya kuwa mahali pale pamefungwa, wala hakumpa karatasi yoyote. Siku ya tatu askari wakaja wakabeba meza, benchi na masufuria, naye akapelekwa mbele ya hakimu kwa kosa la kufanya biashara bila leseni. Akaulizwa, ni kweli au si kweli? Mama akajibu, "Ni kweli," kwani hakika hakuwa na leseni, na tena watoto walikuwa wakimngoja nyumbani. Akalipa faini akaenda zake. Sisi tulipata habari siku iliyofuata, tukafika na madaftari yetu, tukakuta mlango umekwisha kufungwa. Kwa maana sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 348, yasema ya kuwa mtu aliyekiri kosa mwenyewe mbele ya hakimu hana rufani, ila juu ya uhalali wa adhabu au ukubwa wake tu. Kwa maneno mawili yale, mama alikuwa amelizima swali ambalo lilistahili kuulizwa kwanza: nani alimnyima leseni, na kwa mamlaka gani?

Maneno hayo mawili yana historia ndefu katika nchi yetu, na ndiyo tutakayoifuata.

Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, mji ulianza kama kambi ya wafanya kazi wa reli. Mwaka wa 1902 ilipozuka tauni, maduka ya Wahindi katika bazari yalichomwa moto kwa amri ya wakubwa, na tangu hapo neno la afya likawa sababu iliyo tayari wakati wowote ya kumwondoa mtu mahali alipo. Mwaka wa 1919 Nairobi ikapewa baraza la manispaa. Mwafrika aliyetoka kijijini kuja kutafuta kazi alikuta amri zimekwisha andikwa, kwa lugha asiyoisoma, na baraza lisilo na diwani wake hata mmoja. Kipande alikivaa shingoni kwa sheria ya mwaka wa 1915, iliyoanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza. Akikosea amri moja kati ya zile nyingi, hakuulizwa kama amri yenyewe ni halali. Aliulizwa kama ameivunja, naye akajibu kwa neno lile lile la mama yetu.

Waliojua sana habari hii walikuwa akina mama wa Pumwani na wa Pangani ya zamani, kabla Pangani haijabomolewa mwisho wa miaka ya 1930. Baraza la mji lilijiwekea peke yake haki ya kuuza pombe ya kienyeji katika kilabu chake, na faida ikaingia katika mfuko wa baraza. Mama aliyepika pombe nyumbani alikuwa mhalifu, ingawa pombe ni ile ile na wanywaji ni wale wale. Yaelezwa ya kuwa wengi wao waliihesabu faini kama gharama moja ya biashara, pamoja na kuni na unga. Hatuwalaumu, kwani walisomesha watoto kwa fedha zile. Lakini faini inayolipwa kila mwezi bila kuulizwa neno haitofautiani na kodi, na kodi isiyoulizwa neno hukaa.

Vijijini mambo yalikuja kwa njia nyingine. Mwaka wa 1924 Serikali iliweka Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya. Baraza lilikuwa na wajumbe wa Kiafrika, lilitoza ushuru wake, lilisimamia masoko na kutoa maazimio yaliyokuwa na nguvu ya sheria, lakini mwenye kiti alikuwa Bwana D.C., na maazimio hayakuwa kitu mpaka yakubaliwe na wakubwa wa Serikali. Mtu aliyevunja azimio alishtakiwa katika baraza la mahakama ya wenyeji. Sheria ya mahakama hizo ya mwaka wa 1930 iliziondoa rufani zake kutoka Mahakama Kuu, zikapelekwa kwa D.C., na kutoka kwake kwa P.C. Mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama zile.

Fikirini, wazee wetu, maana ya jambo hili. Mtu amefunguliwa kesi kwa sababu ya soko au kinu. Azimio lililomtia hatiani limepitishwa katika kikao ambacho Bwana D.C. alikuwa mwenye kiti. Akikata rufani, inasikizwa na Bwana D.C. Hana wakili wa kusema ya kuwa azimio lenyewe limepita mpaka wa sheria. Wako ma-D.C. waliokuwa watu wa haki, na wazee wengine wangali wakiwataja kwa heshima. Lakini haki inayotegemea wema wa mtu mmoja huondoka naye siku anapohamishwa wilaya.

Ndiyo sababu barua ikawa kitu kikubwa. Palipokuwa hapana wakili, palikuwa na karani. Vijana waliosoma misheni, waliokuwa wakipiga taipu mchana katika ofisi za watu wengine, usiku waliandika malalamiko ya wazee wao kwa taa ya mafuta. Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu katika ofisi ya Hazina, alipeleka simu ya maandishi London mwaka wa 1921 juu ya mishahara, kodi na kipande, akafukuzwa kazi. Na Machi 1922, alipokuwa amekamatwa, watu waliokusanyika Nairobi kumdai walipigwa risasi. Mwaka wa 1923 huko Nyanza, Arkidikoni W. E. Owen wa misheni ya C.M.S. alisaidia kuanzisha chama cha ustawi cha walipa kodi wa Kavirondo. Wengine walikicheka chama kile kwa sababu wanachama wake waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Lakini chama kile kile kiliandika barua baada ya barua juu ya kazi za kulazimishwa na kodi ya nyumba, na barua zake zilisomwa. Vyama vya ustawi kama hiki chetu ni wajukuu wa kazi ile. Tunapozika maiti na kuandika barua katika ofisi moja, hatuchanganyi mambo.

Barua peke yake haikutosha siku zote. Mwaka wa 1938, Serikali ilipowauzia Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu ikisema ya kuwa ardhi imechoka, watu waliandika kwanza. Barua ziliposhindwa, maelfu yao, wanaume na wanawake na watoto, walitembea kwa miguu mpaka Nairobi, wakakaa huko wiki nyingi wakitaka kuonana na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Hata hivyo Serikali iliacha kuuza mifugo kwa nguvu. Hatusemi ya kuwa kila mwenye kibanda atembee kwenda Nairobi. Twasema tu ya kuwa amri ile, iliyoonekana kama jiwe, ilikuja ikaondolewa na waliokuwa wameitoa.

Kuna jambo moja ambalo wazee wale hawakuambiwa. Kipimo cha sheria ndogo kilikuwako wakati wote. Mwaka wa 1898, huko Kent katika Uingereza, mtu mmoja alitozwa faini kwa kukataa kunyamaza alipokuwa akiimba wimbo wa dini karibu na nyumba ya watu, kinyume cha sheria ndogo ya baraza la pale. Majaji, wakiongozwa na Lord Russell, waliikubali sheria ile, na mwimbaji akashindwa. Lakini katika hukumu yao walieleza ni wakati gani sheria ndogo ya baraza yaweza kuvunjwa na mahakama: ikiwa yapendelea watu wa namna moja na kuwaonea wengine, ikiwa ni dhuluma iliyo wazi, ikiwa imetungwa kwa nia mbaya, au ikiwa yaingilia haki za watu kwa namna ambayo mwenye akili hawezi kuona sababu yake. Wanasheria wa Kenya walikijua kipimo hiki, nao wenye fedha za wakili walikitumia. Kipimeni kwa kile kilabu cha pombe cha baraza, mwone jinsi kesi ingalivyokuwa, kama mama wa Pumwani angalikuwa na njia ya kuifikisha.

Mwaka wa 1950 Mabaraza ya Wenyeji yaligeuzwa kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, na mwaka ule ule, mwezi wa Machi, Nairobi ikapewa hati ya kuwa jiji. Mwaka wa 1951 mahakama za wenyeji zikapewa sheria mpya, lakini mawakili waliendelea kukaa nje. Miaka ya Hali ya Hatari, tangu Oktoba 1952, hatutaikalia hapa. Kwa wengi swali la leseni lilikuwa dogo mbele ya swali la uhai. Ni mwaka wa 1967 tu, kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, ndipo mahakama zile za pembeni zilipounganishwa na mahakama za nchi nzima, na mtu wa kijijini akapata njia moja ya rufani na mtu wa mjini.

Mwaka wa 1968 kulitokea kesi ambayo yafaa tuikumbuke ingawa haitupendezi sote. Halmashauri ya Jiji la Nairobi iliwapelekea notisi wafanya biashara wa asili ya Asia waliokuwa na vibanda katika soko la mji, watoke. Mmoja wao, Madhwa, pamoja na wenzake, walikwenda Mahakama Kuu, na Mahakama ikasema ya kuwa notisi zile ni ubaguzi uliokatazwa na Katiba. Wako Waafrika waliokuwa wakivingoja vibanda vile, nao waliona ya kuwa Uhuru umecheleweshwa mlangoni pa soko. Twayaelewa machungu yao. Lakini sisi makarani tumeisoma habari ile mara nyingi na kuona ya kuwa iliyoshindwa pale ni tabia ya baraza ya kumwondoa mtu kwa jinsi alivyozaliwa, tabia ile ile iliyowafanya wazee wetu watembee na kipande shingoni. Kesi ile hutajwa mpaka leo na mtu yeyote aliyebaguliwa na baraza, awe wa kabila gani.

Miaka iliyofuata twaipita upesi. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka wa 1967 ilikaa muda mrefu, na mfanya biashara mdogo alilazimika kubeba karatasi nyingi za ofisi mbalimbali, mpaka mwisho wa miaka ya 1990 mabaraza yalipoanza kutoa kibali kimoja cha biashara. Askari wa baraza wakapata jina la "kanjo," na mtoto wa mjini akajua kulikimbia neno hilo kabla hajajua kusoma. Mei 1990 mtaa wa Muoroto, Nairobi, ulibomolewa pamoja na vibanda vyake. Mwaka wa 2013 mabaraza yote 175 ya miji na wilaya yakafutwa, na kazi yao ikachukuliwa na serikali za kaunti 47. Majina yalibadilika, lakini madirisha na makarani wa dirishani yalikuwa mengi yale yale, na sheria ndogo za zamani nyingi ziliendelea kutumika.

Kilichobadilika zaidi ni Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010, na hapa twaomba wanachama wasome polepole. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi ya umma kwa njia ya haki na kwa upesi, na kama haki yake imeguswa au yaelekea kuguswa vibaya, apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 210 kinakataza kodi au ada yoyote ya leseni isiyowekwa na sheria; kwa hiyo ada isiyo na sheria na malipo yasiyo na risiti ni mambo ya kuulizwa. Kifungu cha 49 kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Habari hii ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa mchuuzi, kwani kinachomfanya aseme "ni kweli" mara nyingi si kosa. Ni hofu ya kulala ndani.

Halafu ikaja sheria ya mwaka wa 2015 juu ya matendo ya haki ya maofisa, iliyotunga njia ya kukitumia kifungu cha 47. Yasema ya kuwa ofisa asiyetoa sababu alipoombwa kwa njia iliyowekwa, atahesabiwa kuwa ametenda bila sababu njema, mpaka athibitishe vingine. Yasema pia ya kuwa mtu amalize kwanza njia za rufani zilizomo ndani ya ofisi ile kabla hajakwenda mahakamani. Wanachama kadhaa wamekasirika na kukimbilia Mahakama Kuu moja kwa moja, wakarudishwa, wakapoteza fedha.

Na mtu asidhani ya kuwa kaunti ni kubwa mno hata isiulizwe. Bunge la Kaunti ya Kiambu lilipitisha Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2013 yenye ada za namna nyingi. Watu wakaenda Mahakama Kuu, wakasema ya kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka wa 2014 Jaji George Odunga aliivunja sheria ile yote, akieleza ya kuwa kushirikisha watu si tangazo dogo la kutimiza wajibu tu, na mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Tazameni tofauti na mwaka wa 1930. Walioshtaki hawakuulizwa kama wamelipa au hawajalipa. Iliyoulizwa ni sheria yenyewe.

Turudi sasa kwa mama yetu wa chai, kwa maana tulimwacha barabarani. Faini yake haikurudi, wala hatukumdanganya ya kuwa itarudi. Lakini kunyimwa leseni kulikuwa jambo jingine, nalo halikuwa limeulizwa bado. Sisi tuliandika barua ya kurasa nne, yenye habari za mjane na yatima, ukabila wa ofisi ile, ukali wa askari na maji ya mfereji yaliyokatika. Mzee mmoja wa Halmashauri, aliyekuwa karani wa posta zamani, aliisoma akatabasamu, akaturudishia. Akasema, "Vijana wangu, mkiuliza maneno kumi, watajibu lile jepesi. Ulizeni moja." Tuliona haya, kwani tulikuwa tumeipenda barua yetu. Tukaandika nyingine ya mistari sita: tarehe aliyoomba leseni, dirisha alilokwenda, na ombi la kupewa kwa maandishi sababu ya kukataliwa, jina la sheria iliyotumika, na ofisi ya kupeleka rufani. Tuliipeleka kwa mkono, nakala ikapigwa muhuri wa kupokelewa.

Hapakuwa na jibu. Baada ya miezi mitatu tukapeleka ya pili, tukiitaja ya kwanza na tukitaja kwa adabu ile sheria ya mwaka wa 2015. Juma lile lile mama aliitwa. Aliambiwa ya kuwa mahali pale hapakuwa pamefungwa kamwe, ila kulikuwa na "kutoelewana," akapewa kibali chake. Wateja wake wengi walikuwa wamekwisha zoea chai ya mahali pengine, na mtoto wake wa pili alikuwa amekaa nyumbani muhula mmoja. Halmashauri ilimlipia karo ya muhula uliofuata, nayo imo katika hesabu, ukurasa wa matumizi.

Kwa ajili hiyo Halmashauri imekubali ya kuwa ofisi yetu itafunguliwa Jumamosi asubuhi kwa shughuli za leseni na faini. Mwanachama aliyeitwa mahakamani aje kabla ya siku ya kesi, hata akiwa amekosa kweli, na alete risiti zake zote, hata zilizochakaa. Aliyekwisha hukumiwa bila kukiri aje upesi, kwa maana rufani ya jinai ina siku 14 tu tangu hukumu.

Meza na benchi ya mama vilirudishwa pamoja na masufuria, isipokuwa sufuria moja kubwa ya kuchemshia maziwa. Barua ya kuiulizia imepelekwa, ina mistari minne, na nakala yake yenye muhuri imo katika faili. Hatujajibiwa bado.